Dada Yangu, Kiranja wa Jiko

Kidato cha pili, muhula wa kwanza, mimi nilikuwa wa tatu darasani kati ya wanafunzi themanini na wawili. Dada yangu Milembe alikuwa wa hamsini na sita. Tulisoma darasa moja kwa sababu yeye alirudia la saba, na mimi, mdogo wake kwa miaka miwili, nikamkuta. Baba yetu, Mzee Mihayo, alizisoma ripoti zote mbili akiwa amesimama mlangoni. Akanipa mimi mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake, kisha akamgeukia Milembe.

"Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

"Nimechaguliwa kiranja wa jiko, baba."

Baba alicheka mpaka akatafuta kiti. "Nimetoa ng'ombe zizini ili ukasimamie ugali? Si ungebaki hapa, mama yako akufundishe?"

Mimi nilicheka kuliko baba.

Leo Milembe amelala katika udongo wa nyumbani, karibu na Malampaka, mahali ambapo treni ikipita unaisikia ukiwa shambani. Siku ya mazishi nilisoma maisha yake kwenye nusu karatasi: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, kifo. Tarehe zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyomtaja Milembe mwenyewe. Jumuiya yetu imeniomba niandike upya, kwa urefu, yawekwe kwenye kitabu cha jumuiya. Naandika, na Mungu anisaidie niseme na lile lisilonipendeza. Maisha yangu yote nilimwonea dada yangu wivu. Hata alipokuwa ndani ya jeneza nilimwonea.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, wilayani Maswa, wanafunzi mia nne na zaidi. Mabweni yalikuwa manne, yamepewa majina ya hifadhi: Serengeti na Ruaha ya wavulana, Manyara na Mikumi ya wasichana. Ukiranja wa jiko ulikuwa cheo ambacho hakuna aliyekitaka. Unaamka kabla ya kengele, unasimama kwenye moshi, na maharage yakiwa na mawe wanakutukana wewe. Milembe alikipenda. Jioni, sisi wengine tukiwa tumeinamia madaftari, yeye alikuwa anamuuliza mpishi mkuu, Mzee Shigela, kwa nini maharage ya gunia hili yanachelewa kuiva kuliko ya gunia lile.

Msimu mmoja wa masika Mzee Shigela akaugua, na msaidizi wake alikuwa ameenda msibani. Kuni zililowa. Ilipofika saa tano asubuhi hakuna aliyekuwa amekunywa hata uji, na mkuu wa shule alikuwa anazunguka na mwavuli wake akisema labda aturudishe majumbani. Milembe akapanda juu ya benchi bwaloni.

"Serengeti, kuni! Ingieni stoo ya majembe, kuna kavu. Manyara, maji. Mikumi, mchambue maharage. Ruaha mtasugua masufuria. Kesho mnabadilishana, asibaki mtu na kazi moja."

Mvulana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitaonja."

Bwalo zima likacheka, na wakiwa bado wanacheka wakaanza kuinuka.

Mimi nilikuwa wa Manyara. Nilikuwa kitandani na kitabu cha baiolojia, nasoma mmeng'enyo wa chakula. Milembe alikuja dirishani, nywele zimejaa majivu.

"Eliza, Manyara wote wako kisimani."

"Sijaja shule kuchota maji. Nimekuja kusoma."

Aliniangalia kidogo. "Haya, msomi. Soma na sehemu yangu."

Hakunisemea kwa mwalimu. Jioni aliniletea sahani yangu, na juu ya ugali alikuwa ameniwekea ukoko, kwa kuwa alijua naupenda. Niliula wote, nimekasirika.

Siku ya wazazi baba alikuja kwa baiskeli na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kuanzia getini mpaka bwaloni, kila mwanafunzi aliyemwona alimsalimia, "Shikamoo, Baba Milembe!" Wakubwa kwa wadogo. Hata walinzi. Tulipokaa ukumbini akanong'ona, bila ubaya wowote, "Hivi wewe hawakujui?"

Nimesikia maneno mengi makali maishani. Sijasikia lililonikata kama lile.

Kulikuwa na mdahalo pia, kila Ijumaa, kwa Kiingereza. Kiingereza cha Milembe kilikuwa kama baiskeli isiyo na breki. Akishaanza hujui ataangukia wapi. Mara ya kwanza walimzomea. Akainua mkono akawaambia, kwa Kiswahili, "Ngojeni nimalize ndipo mcheke." Akamaliza, wakacheka, naye akacheka nao, na Ijumaa iliyofuata akasimama tena. Mimi niliyejua vitenzi vyote vya Kiingereza sikusimama hata mara moja katika miaka minne. Niliogopa kukosea.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilipata daraja la pili. Milembe alipata la nne. Siku ile nilimshukuru Mungu mara mbili: mara moja kwa matokeo yangu na mara moja, Bwana anisamehe, kwa matokeo yake.

Nikasoma kozi ya utunzaji wa kumbukumbu, nikaajiriwa masjala hapa Bariadi. Kazi yangu ni mafaili, na niseme ukweli, naifanya vizuri. Nilijenga nyumba yenye baraza na geti jeusi. Milembe aliolewa Mwandoya kwa mtu mwema, mfugaji, ambaye Mungu alimchukua mapema. Hawakujaliwa mtoto. Akarudi nyumbani kwa baba na sanduku moja. Nilimwandalia chumba kwangu, na sitaficha nilichowaza: sasa atanipikia, na watu wataona ni nani kati yetu shule ilimsaidia. Alikuja, akalala siku mbili, akaniambia, "Mdogo wangu, kwako kuzuri, lakini hapa hakuna cha kufanya."

Kule kijijini alikuta tatizo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Kukiwa na msiba, wanawake wale wale watatu ndio waliokuwa wakipika mpaka wanaugua migongo, na wengine wanakuja kula. Milembe akawagawa wanawake wa kijiji mafungu manne. Akayapa majina: Serengeti, Manyara, Mikumi na Ruaha. Leo nyinyi kuni, hawa maji, wale kuchambua na wale masufuria. Msiba ujao mnabadilishana.

Nililigundua siku tulipomzika baba mdogo. Nilipita karibu na jiko nikamsikia bibi mmoja, Mayu Minza, yaani Mama Minza, mwanamke ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati, akimfokea mwenzake, "Usinipangie! Sisi Mikumi leo ni masufuria, maji tulichota kwa marehemu Ndalahwa!" Nilisimama pale kama mtu aliyeibiwa. Yale yalikuwa mabweni ya shule yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti chake, kimewekwa kwenye nailoni, kwenye droo, na sasa yalikuwa mdomoni mwa bibi asiyejua kusoma, yakifanya kazi.

Baadaye mafungu yale yakaanza kupaliliana pamba na kuvuniana. Chama cha msingi cha wakulima kikamchagua katibu. Nasikia siku ya kwanza aliposimama mkutanoni wanaume kadhaa walicheka, naye akasema, "Ngojeni nimalize ndipo mcheke." Alipomaliza hakuna aliyecheka. Walinihadithia watu watatu tofauti, kila mmoja akidhani nitafurahi.

Akija mjini alinitania tangu getini, "Mtumishi wa serikali, umekula?" Kisha alipotea saa nzima. Nikimtafuta, yuko dukani kwa Bi Mwanamisi, jirani yangu muuza vitenge, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Bi Mwanamisi ndiye kiongozi wa kikundi cha wanawake cha mtaa wetu, Wakristo na Waislamu pamoja. Alizoea kuniuliza, "Da Eliza, dada yako anakuja lini?" Nimeishi mtaa ule miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kuniuliza mimi natoka kazini saa ngapi.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo mgeni anaweza asilielewe. Mtu akifiwa, jiko lake linawashwa na wenzake. Wanakuja na ndoo, kuni na miiko, na mfiwa hashiki kitu. Lakini kama wewe huendi kwa wenzako, siku yako ikifika watakuja, watakaa mkekani, watakupa pole na kulia nawe kweli kabisa. Sufuria hawatagusa. Hakuna atakayekutukana, wala hakuna atakayekuja kukusemesha. Mimi nilikuwa natuma rambirambi kwa simu, kila msiba, bila kukosa, na nikaona nimemaliza. Milembe alinionya. "Eliza, simu haisongi ugali," alisema. Nikamjibu kwamba wengine tuna kazi za ofisini.

Mwaka huu mwezi wa tatu moyo wake ulianza kuchoka. Alikuja kwangu ili awe karibu na kliniki, tukakaa wote wiki tatu. Zilikuwa wiki zangu njema. Tulisali rozari pamoja jioni, nikamkanda miguu iliyovimba. Jumanne asubuhi, hospitalini, alifumba macho nikiwa nimemshika mkono. Nililia. Na katikati ya kilio kile, kabla sijatoka hata wodini, nikawaza: angalau sasa ni wangu.

Nikampigia simu kaka yetu Ndaki, aliyebaki nyumbani.

"Atazikwa hapa Bariadi," nikamwambia. "Kiwanjani kwangu, nyuma ya nyumba."

"Eliza, nyumbani wako baba na mama. Nafasi yake ipo."

"Amefia mikononi mwangu."

"Najua, dada. Lakini watu wake—"

"Mimi ndiye mtu wake, Ndaki!"

Mwisho akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Nikalipokea neno lile kama ruhusa.

Nilitaka kaburi liwe kwangu. Niliwaza hivi: maisha yake yote watu walimfuata yeye, akilala kwangu watalazimika kuja kwangu. Watapita geti langu. Watasema, "Twende kwa Eliza tukamwone Milembe," na jina langu litatangulia.

Turubai likafungwa mchana ule ule. Ndugu wa Maswa wakafika na watoto. Wanawake wa mtaa wakaja, wakavua viatu, wakaketi mkekani barazani, wakamlilia Milembe kwa uchungu uliozidi wa baadhi ya ndugu. Ikafika saa nane, jiko bado baridi. Nikamwita Bi Mwanamisi pembeni.

"Bi Mwanamisi, wageni wana njaa. Mnaanza saa ngapi?"

Alinishika mkono kwa upole. Macho yake yalikuwa mekundu. "Da Eliza, mimi nilimpenda dada yako, Mungu ni shahidi. Ungekuwa msiba wake yeye, ningekuwa nimeshapika mara mbili. Lakini huu ni msiba wa nyumba hii. Alipofiwa Rahma tulikungoja. Alipofiwa mama Mayige tulikungoja. Nikishika mwiko leo, kesho nitamwambia nini mwingine?"

"Nilituma rambirambi."

"Ilifika, dada. Tunashukuru." Akarudi mkekani.

Niliwasha moto mwenyewe. Kuni zilikuwa mbichi, sikujua. Ugali wa watu thelathini unataka mikono ambayo mimi sina. Ulikuwa mgumu pembeni na unga mtupu katikati. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa sauti, "Hiki ni nini?" Nilikumbuka neno kwa neno ukurasa wa mmeng'enyo wa chakula.

Kesho yake, Jumatano asubuhi, lori likasimama nje ya geti. Lilikuwa limejaa wanawake wamesimama, na masufuria yamefungwa kwa kamba ubavuni. Aliyeshuka wa kwanza, akisaidiwa na wawili, alikuwa Mayu Minza.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Hakuniuliza lolote. Alitazama jiko, akalitazama lile sufuria langu la jana lililogandiwa na ugali, akageuka nyuma. "Ruaha, kuni! Serengeti, maji! Mikumi tuchambue. Manyara, masufuria, na mwanze na hili hapa, Mungu atusaidie."

Watu wakacheka, msibani. Wakashuka na magunia yao. Baada ya saa moja kila aliyekuwa pale alikuwa na kikombe cha uji wa moto mkononi, na wanawake wa mtaa wangu walikuwa wameinua shingo kutoka mkekani. Nilimsikia Bi Mwanamisi akiuliza, "Kwani nyinyi mmejipanga vipi?" na binti mmoja akimjibu kwa majivuno, "Sisi tuna mabweni."

Nilikaa ndani peke yangu. Ni aibu kuandika, lakini nilikuwa na hasira nao. Walikuwa wanafanya kwenye uwanja wangu kile nilichoambiwa nifanye nikiwa na miaka kumi na sita. Kisima cha shule kilikuwa hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu.

Mayu Minza akaja, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha.

"Kupika tumepika. Kulia tutalia nyumbani. Mruhusu arudi, mwanangu."

"Hapana, mayu. Anazikwa hapa."

"Hapa atapaliliwa na nani?"

"Na mimi."

"Na watakuja nani?"

"Watu watakuja."

"Kwako?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

Nikapasuka. "Nyinyi mmekuwa naye miaka kumi na mitano! Mmekula naye, mmelima naye, mnajua nyimbo zake zote. Mimi nina wiki tatu! Niachieni kaburi tu, nyinyi mna mengine yote!"

Alingoja nimalize. Kisha akajifuta uso kwa kona ya kanga.

"Wewe si ndiye wa Manyara?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Tulimuuliza siku moja, wewe mwenyewe uko bweni gani? Akasema, mimi sina bweni, mimi ni mwonjaji. Lakini mdogo wangu ni wa Manyara. Kila akipanga zamu, Mikumi alitupanga kumi na mbili, Ruaha kumi na mbili, Serengeti kumi na mbili, na Manyara kumi na mmoja. Manyara wakalalamika, kazi inatuzidi, tuongezee mtu. Akawaambia, mtu wenu yupo, anasoma. Miaka yote hiyo, mwanangu. Wale wanawake wamekuchotea ndoo yako mpaka wamezeeka."

Kutoka nje nilisikia mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Sufuria langu.

Nilikaa hivyo mpaka sauti ile ikakoma. Halafu nikachukua simu. "Ndaki," nikasema, "chimbeni pembeni ya mama."

Tulimpeleka mchana ule. Bi Mwanamisi na wenzake watano wakapanda kwenye lori pamoja na wale wa kijijini, bila kuniuliza, na njia nzima niliwasikia wakifundishana. Alhamisi, kabla ya misa, zamu ya maji ikaangukia Manyara. Nikavua viatu vya ofisini nikachukua ndoo.

"Kichwani, msomi, kichwani!" wakanizomea. "Ukiibeba mkononi itafika tupu!"

"Mwacheni, ndiyo kwanza anaripoti shule."

Nilimwaga nusu njiani. Wakacheka. Sikumbuki kama kuna watu waliwahi kunicheka vile nami nisikimbie.

Tangu hapo nimeenda kwenye misiba minne mtaani kwangu. Wa kwanza ulikuwa wa shemeji yake Hilali, fundi baiskeli. Nilifika nimesimama tu, sijui niweke wapi mikono. Bi Mwanamisi akasogea bila kunitazama, akanipa kisu na beseni la vitunguu. Bado navikata vibaya.

Na wivu bado ninao. Padre ananiambia nisali, nami nasali. Nikienda kijijini, wanawake wale wanasema, "Milembe alizoea kusema hivi," wanataja maneno ambayo sijawahi kuyasikia. Kwa nini waliyapata wao? Sasa huwa nawaambia warudie, nami nayaandika. Mengi ya niliyoandika hapa ni yao.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tumetoka kwenye sala ya kumwombea kaburini, walikaa kumchagua kiranja mpya wa jiko. Nilinyoosha kanga yangu. Mimi ni ndugu yake wa damu, nimesoma naye shule ile ile, najua kuandika zamu. Wakamtaja binti wa miaka ishirini na minne aliyeishia kidato cha nne kwa daraja la nne. Wote wakapiga makofi. Niliuona ule wivu wangu wa zamani unapanda, ule ule wa siku ya wazazi, mpaka Mayu Minza akanigeukia.

"Unatazama nini? Wewe bado una ndoo za miaka kumi na mitano."

Nikainuka nikaenda kisimani.